Jumuiya ya kitaifa ya waandishi wa masoko: uzoefu wangu kama mwanachama

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wa masoko ni kama ada ya uanachama inalipa. Inalipa. Ila sababu zangu ni tofauti na zile zinazotajwa kwenye tangazo la kukaribisha wanachama wapya. Tangazo linaahidi wasomaji wengi, linki za kuelekea kwenye makala zako, na jina lako kujulikana nchi nzima. Hayo nimeyapata kidogo kidogo, na ningeweza kuyapata kwingine. Nisichokipata kwingine ni watu wanaolijua soko langu, wanaoisoma kazi yangu kabla haijatoka na kuniambia ukweli wake bila kunionea haya.

Kwa asiyeifahamu, hii ni jumuiya ya watu wanaofanya kazi ya masoko na wakati huohuo wanaiandikia. Wapo wa mashirika ya matangazo, wapo walioajiriwa kwenye kampuni, na wapo tunaojitegemea. Sharti la kwanza ni kufanya kazi ndani ya nchi. La pili ni kuandika, maana wasomaji watupu hawapokelewi. Unalipa ada ya mwaka, unapangiwa kikundi kidogo cha kusomana rasimu, na kila mwezi kuna kikao ambapo mwanachama mmoja anaifungua kampeni yake na kuweka namba mezani, zilizopendeza na zisizopendeza.

Wapo wanaoliona sharti la nchi moja kuwa finyu. Wanasema masoko ni masoko, na mtandao hauna mipaka. Mimi nalitetea sharti hilo kwa nguvu zote. Ushauri mwingi wa masoko uliozagaa mtandaoni umeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya soko la Marekani. Utaambiwa bajeti uielekeze mwishoni mwa Novemba, kwa kuwa Black Friday, siku yao ya punguzo kubwa la bei, huangukia siku moja baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, ambayo kwao ni Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Utaambiwa mteja hulipa kwa kadi, na anapotafuta bidhaa hutafuta kwa Kiingereza. Utapewa kalenda ya matangazo ya msimu wa baridi inayoanza Desemba, wakati kusini mwa ikweta Desemba ni mwezi wa joto. Mwenzako wa nchi yako hakuletei kalenda hiyo, kwa sababu naye alishaijaribu ikamkatalia.

Sheria ndiyo inayonishawishi zaidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na tangu hapo walimu wengi wa masoko huitaja kana kwamba inaitawala dunia yote. Ni kweli inaweza kumfikia aliye nje ya Ulaya akiwauzia watu walioko kule. Lakini orodha ya namba za simu za wateja wa nyumbani iko chini ya sheria ya nyumbani, yenye mamlaka yake, fomu zake na adhabu zake. Katika kikao kimoja, mwenzetu aliyekuwa amesajili kampuni yake kwenye mamlaka hiyo alitupitisha kwenye fomu sehemu kwa sehemu. Alitufungulia ombi lake la kwanza, lile lililorudishwa, akatuonyesha kisanduku kilicholirudisha: alikuwa ameandika kwamba taarifa za wateja zitatunzwa “kwa muda unaohitajika” bila kutaja muda. Mafunzo ya ughaibuni, hata ya kulipia, hayafiki kwenye kisanduku hicho.

Kusomana rasimu ndiko kunakonifanya nilipe kila mwaka, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mwenzetu mmoja alileta makala kuhusu kampeni aliyomfanyia mteja. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na katikati yake palikuwa na sentensi iliyoibeba yote: wateja wapya waliongezeka kwa asilimia 200. Katika kikundi chetu kuna mama aliyekaa kwenye kazi hii miaka mingi, sote tunamwita Dada. Pembeni ya sentensi ile aliandika maneno mawili: “Kutoka ngapi?” Jibu likaja: kutoka wateja 3 kwa wiki hadi 9.

Hesabu haina kosa. Kutoka 3 hadi 9 ni ongezeko la asilimia 200 kweli. Lakini wateja 6 wa ziada wanaweza kuletwa na chochote, iwe mshindani aliyefunga duka wiki hiyo kwa matengenezo au mteja mmoja mwenye ndugu wengi. Dada hakuishia hapo. Akauliza wiki za nyuma zilikuwaje, kama kulikuwa na eneo ambalo tangazo halikurushwa ili yalinganishwe, na kila mteja mpya aligharimu kiasi gani. Mwandishi akarudi kwenye daftari la mauzo la mteja wake. Akakuta kwamba miezi michache kabla ya kampeni palikuwa na wiki yenye wateja wapya 8 bila tangazo lolote.

Makala ikaandikwa upya kuanzia juu. Ile asilimia ikaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na maelezo ya jinsi ilivyo vigumu kuipima kampeni ya biashara ndogo, ambayo namba zake hupanda na kushuka zenyewe. Mwandishi akaweka jedwali la wiki zote, zikiwamo zile zilizomharibia hadithi. Nimeituma makala hiyo kwa wateja wangu kadhaa, nao wameanza kuniuliza swali la Dada ninapowaletea ripoti. Sijui wapi pengine mtu angeulizwa swali lile kabla ya kuchapisha. Bosi anaitaka ile asilimia 200, mteja anaitaka pia, na msomaji wa kupita hana muda wa kuichunguza. Inahitaji mtu wa fani, asiye na maslahi kwenye kampeni yako, ambaye naye wiki ijayo atakukabidhi rasimu yake uisome kwa ukali uleule.

Faida nyingine huonekana pale mambo yanapobadilika ghafla. Septemba 2021, Apple ilitoa iOS 15, mfumo wa kuendeshea simu zake, wenye ulinzi mpya wa faragha kwenye programu yake ya barua pepe. Kwa wasioifanya kazi hii: barua za masoko huwekewa kipicha kidogo kisichoonekana, na kipicha hicho kikipakuliwa, mfumo unahesabu kwamba barua imefunguliwa. Kwa aliyewasha ulinzi huo, Apple ilianza kuzipakua picha yenyewe kupitia seva zake, hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Kiwango cha kufunguliwa kikaanza kupanda bila msomaji mpya hata mmoja. Mteja wangu mmoja alifurahi mno, akataka tuongeze idadi ya barua kwa wiki. Wakati huo mwenzetu mwingine alikuwa tayari amewatenga wasomaji wake wanaotumia programu ya Apple na kuwapima peke yao, akatuwekea chati mbili pamoja. Ya kufunguliwa ilikuwa inapaa. Ya kubofya linki ilikuwa imelala palepale ilipokuwa. Nilimpelekea mteja chati hizo, tukakubaliana kupima mibofyo, majibu na mauzo, na barua zikabaki idadi ileile.

Hali ilikuwa hivyohivyo Februari 2024, Gmail na Yahoo walipoanza kuwabana watumaji wa barua nyingi. Kwa Gmail, anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwenye akaunti zake alitakiwa kuwa na SPF, DKIM na DMARC (rekodi za jina la tovuti zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa anayedai kuituma), kuruhusu mtu kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na kuhakikisha malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3. Masharti yenyewe kila mtu aliweza kuyasoma. Jumuiya ilichoongeza ni taarifa ya kampuni zipi za kusajili majina ya tovuti hapa nchini zinamruhusu mteja kuweka rekodi hizo mwenyewe, na zipi lazima uwapigie simu ukasubiri.

Kasoro zipo, na moja inanikera sana. Baadhi ya wanachama wameunda mduara wa kubadilishana linki ili makala zao zipande kwenye matokeo ya Google: kila wiki inatolewa orodha ya makala, na kila mmoja anatakiwa kuzitilia linki kwenye makala yake ijayo, ziwe zinahusiana na mada au la. Uongozi umeufumbia macho kwa sababu unawavutia wapya. Ni jambo la hatari. Google iliwaandama wenye linki za kupangwa kwa sasisho la mfumo wake wa utafutaji lililoitwa Penguin, Aprili 2012, na hadi leo miongozo yake inahesabu kubadilishana linki kupita kiasi kuwa udanganyifu. Jumuiya ya nchi moja, yenye tovuti chache zinazotajana usiku na mchana, ni rahisi kutambulika. Zaidi ya hapo, msomaji anayebofya linki kwenye makala ya bei za matangazo ya redio akajikuta kwenye makala ya kuchagua nembo ameshapotezewa muda, na imani yake kwa mwandishi imepungua. Mimi siweki linki nisiyoihitaji, na nimesema hivyo kikaoni.

Ya pili ni sifa za kulipiwa. Mwanachama anaandika kwamba programu fulani imemsaidia sana, kumbe kila anayejiunga kupitia linki yake anamwingizia kamisheni. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilirekebisha miongozo yake ya matangazo ya ushuhuda mwaka 2009 ikawataja wazi waandishi wa mtandaoni, na ikairekebisha tena mwaka 2023. Anayelipwa au anayepewa bidhaa bure lazima aseme. Jumuiya yetu imejiwekea kanuni kama hiyo bila kungoja serikali, na kwa hilo naipongeza kwa moyo wote: tamko liwe juu ya makala, kabla ya sifa ya kwanza. Kinachokosekana ni mtu wa kusimamia. Kwa sasa kanuni inategemea wanachama kukumbushana, na anayemkumbusha mwenzake hadharani huonekana mkorofi. Uongozi ukabidhi kazi hiyo kwa mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuiondoa makala.

Kuhusu kuonyesha namba mbele ya washindani, hofu hiyo naielewa, maana kwenye vikao nimeketi na watu tuliogombea nao mteja mmoja. Utaratibu ni kuficha jina la mteja, kugeuza fedha kuwa uwiano, na kusubiri kampeni iishe kabla ya kuifungua. Mteja pia anaombwa ruhusa. Hadi sasa sijaona namba ya mtu ikitumiwa kumdhuru, na nimeona nyingi zikimwokoa mwingine asitupe bajeti mahali palepale.

Aliye mpya kabisa kwenye masoko, ambaye bado hajashika kampeni hata moja, simshauri alipie sasa. Vikao vitampita, na kikundi cha rasimu kitamchosha kwa maswali ya namba asizokuwa nazo. Anayejitegemea au aliye peke yake kwenye idara ya masoko ndiye atakayefaidi zaidi, kwa kuwa kazini hana wa kumsomea. Na ukijiunga, usisubiri uwe na makala ya kujivunia. Peleka kampeni iliyokukwamia, na daftari la mauzo liwe karibu, maana utaulizwa kutoka ngapi, na wiki gani, na ilikuwaje kabla.