KiCad 9 na OpenPnP kwa mwenye mashine ndogo ya kupachika: maoni yangu

Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: kama una mashine ndogo ya kupachika vifaa vya kielektroniki kwenye bodi za saketi na unaiendesha kwa programu ya OpenPnP, chora bodi zako kwa programu ya KiCad na usihangaike kutafuta kingine. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu kuna mambo ambayo programu inakuachia uyafanye mwenyewe, na haikwambii kwamba imekuachia.

Nina karakana Arusha. Tunatengeneza bodi za kudhibiti joto na unyevu kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Katikati kuna chipu ya ATmega328P ya miguu 32, ndiyo ubongo wa bodi, pembeni regileta ya umeme ya AMS1117, resista na kapasita za ukubwa wa 0603 tele, LED chache na buza. Relei na viunganishi vya skrubu tunavichomea kwa mkono. Vilivyobaki vyote hupachikwa na mashine, kisha bodi inaingia kwenye oveni. Mfugaji akipokea bodi yenye resista iliyokaa upande, anayelia mwishowe ni yeye na mayai yake, kwa hiyo naikagua programu nikiwa na ukali kidogo.

Zote mbili ni za bure na msimbo wake uko wazi. KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa, na tangu 2013 CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, nao wakaanza kuichangia, ndipo ilipokomaa. OpenPnP ni kazi iliyoanzishwa na Jason von Nieda, imeandikwa kwa Java, na ndiyo inayoendesha mashine kama LumenPnP ya Opulo pamoja na nyingi za kujiundia.

Kazi yote ya kuandaa data inaishia kwenye faili moja dogo, faili la nafasi. KiCad hulitoa kama maandishi ya .pos au kama CSV, jedwali lenye safu zilizotengwa kwa mkato. Mstari wa resista moja unakuwa hivi:

"R12","10k","R_0603_1608Metric",34.290000,21.590000,90.000000,top

Yaani jina lake kwenye bodi, thamani, umbo, X, Y, mzunguko (kimegeuzwa digrii ngapi) na upande. Basi. Kimo cha kifaa hakimo. Kiko kwenye fida ipi, yaani kile kilishio kinachoipa mashine tepu ya vifaa, hakuna. Kimelalaje ndani ya tepu, hakuna. Hayo utayajaza mwenyewe ndani ya OpenPnP, na ukijaza mara moja yanakaa.

Tuanze na sifuri. Usipogusa chochote, KiCad hupima kutoka kona ya juu kushoto ya karatasi ya mchoro, siyo ya bodi. Dalili yake ni rahisi: ukifungua faili ukaona Y zote ni hasi, ujue hujaweka chanzo, yaani pointi ya sifuri. Dawa ni kuweka chanzo cha matobo na upachikaji kwenye kona ya chini kushoto ya bodi, kisha kuweka tiki kwenye chaguo la kukitumia unapotoa faili. Hapa ndipo nilipokata nusu nyota. Jambo linalohitajika karibu kila mara halipaswi kuwa tiki ambayo mtu anaweza kuipita.

Kuhusu alama za kamera, vile vidoa vya shaba vya milimita 1 vyenye uwazi wa milimita 2 kwenye rangi inayofunika bodi, KiCad inavyo tayari kwenye maktaba yake. Weka vitatu kwenye pembe, usiweke vinne. Vinne vikipangwa kwa ulinganifu, bodi ikigeuzwa kichwa chini miguu juu kamera itaona kila kitu kiko sawa na mashine itapachika bila wasiwasi wowote. Na uhakikishe alama hizo hazijaondolewa kwenye faili la nafasi, kwa sababu OpenPnP inazihitaji humo. Ukishaziingiza unaiambia tu kwamba hizi ni alama, si vifaa. Kuanzia hapo kamera inazitafuta, na programu inakokotoa bodi imelala kwa pembe gani na imesogea kiasi gani. Sehemu hii ya OpenPnP ni tamu. Sina lawama.

Majina ni suala jingine. OpenPnP ikisoma faili la KiCad huunganisha umbo na thamani kuwa jina la kifaa: R_0603_1608Metric-10k. Sasa chukua mchoro ambao kapasita moja imeandikwa 100nF, nyingine 100n, ya tatu 0.1uF. Kwa fundi ni kitu kilekile, rili ileile ya tepu iliyo mezani. Kwa mashine ni vifaa vitatu tofauti vinavyodai fida tatu. KiCad ina jedwali la kuhariri sifa za vifaa vyote kwa pamoja kwenye mchoro wa saketi, na hilo jedwali peke yake linatosha kunifanya nisihame. Unalifungua, unapanga kwa thamani, unayaona makosa yamejipanga foleni, unayanyoosha kabla hata hujagusa bodi.

Mzunguko ndio wenye kesi ndefu. Digrii 0 ya mchoraji si lazima iwe digrii 0 ya tepu. Hata viwango vyenyewe vinakubali njia mbili: kwenye IPC-7351, kiwango cha kuchora maumbo ya vifaa, kuna ngazi ambayo pini ya kwanza inakaa juu kushoto, na nyingine inayoiweka chini kushoto. Tofauti ya robo mzunguko, na ATmega iliyozungushwa robo mzunguko inakaa vizuri kabisa kwa macho. Miguu yote 32 inagusa shaba, bodi inatoka kwenye oveni inang'aa, haifanyi kazi. LED nazo zina ukorofi wake: mbili za ukubwa mmoja kutoka watengenezaji wawili zinaweza kulala kinyume ndani ya tepu zao.

Watu wengi hutatua hili kwa kufungua faili la nafasi na kubadilisha digrii kwa mkono. Usifanye hivyo. Ukilitoa upya baada ya kusogeza resista moja, marekebisho yako yote yamekwenda na maji. OpenPnP ina mahali pake kwenye kila fida pa kuandika kifaa kimezungukaje ndani ya tepu. Andika hapo. Mchoro unabaki na ukweli wa bodi, fida inabaki na ukweli wa tepu, na rili ya mtengenezaji mwingine ikija unabadilisha namba moja tu kwenye fida. Mpangilio huu umefikiriwa vizuri, na ndio sababu kubwa ya kuzipendekeza programu hizi zikiwa pamoja.

Relei na viunganishi havitakiwi kwenye mashine, na KiCad ina chaguo la kuviacha vifaa vyote vyenye miguu ya kupenya. Kuna pia alama ya kifaa kisichopachikwa, nzuri kwa mwenye bodi moja anayoiuza kwa aina mbili. Buza yetu tunaiondoa hivyo kwa wateja wanaolalamika kelele.

Nyongeza kuhusu lahajedwali, ingawa si kosa la KiCad. Tunapokea pia bodi za watu wengine, zilizochorwa kwa programu nyingine, ambazo safu ya umbo ina namba tupu: 0603, 0402. Mtu analifungua faili kwenye lahajedwali kuangalia tu, analihifadhi, na sifuri za mbele zimeliwa. "Dada, hii inasema 603," aliniambia kijana wangu wa mashine, na hiyo tuliing'amua kwa urahisi. Kuna ngumu zaidi: 0603 ya milimita ni kifaa cha milimita 0.6 kwa 0.3, wakati 0603 ya inchi ni milimita 1.6 kwa 0.8. KiCad inaandika yote mawili kwenye jina moja, 0603 na 1608Metric, na Mungu awabariki waliolifikiria hilo. Pia alama ya mikro kwenye 10µF hugeuka herufi za ajabu faili likipita kwenye kompyuta yenye mipangilio tofauti. Andika u ya kawaida, uishi kwa amani.

Ukichoka kubofya, kuna kicad-cli, yaani KiCad ya kuendesha kwa amri za maandishi, tangu toleo la 7. Tunatumia mstari huu kwa kila bodi, na ile tiki ya sifuri niliyoilalamikia haiwezi tena kusahaulika:

kicad-cli pcb export pos --format csv --units mm --use-drill-file-origin --exclude-fp-th -o nafasi.csv bodi.kicad_pcb

Kwa asiye na mashine, anayetuma kazi kwenye viwanda vya China, maoni yangu yanapungua joto kidogo. Viwanda vingi vya huko hutaka vichwa vya safu vyao, Designator, Mid X, Mid Y, Layer na Rotation, na KiCad huandika vya kwake. Pia huna fida ya kurekebishia mzunguko. Utategemea picha ya onyesho kwenye tovuti yao, ukague pini ya kwanza ya kila aisii (chipu) na upande wa kila dayodi kabla ya kulipa. Zipo programu-jalizi za kupanga safu hizo, zinapatikana ndani ya KiCad yenyewe kwenye kidhibiti cha programu-jalizi. Sakinisha mojawapo kabla hujaanza kunakili safu kwa mkono.