Salfa, zinki na uso wangu usiotaka fujo

Nianze na hukumu, mwenye haraka asipoteze muda. Krimu ya salfa ya chunusi inafanya kazi, inanuka, na kwa ngozi kama yangu imeshinda dawa zote kali nilizowahi kupaka. Zinki ni msaidizi mzuri ila si tabibu. Udongo wa kopo wa kupaka usoni nilioununua kwa mbwembwe nimeshamgawia mdogo wangu.

Ngozi yangu ni ya kero mbili. Paji la uso na pua hutoa mafuta tangu asubuhi, hasa msimu wa kaskazi Dar inapokuwa kama sufuria lenye mfuniko. Mashavu nayo hayataki kuguswa: sabuni yenye manukato yanawaka, maji ya limao yanawaka, hata taulo gumu linaacha alama. Nikitibu mafuta naumiza mashavu, nikibembeleza mashavu chunusi zinafanya sherehe puani. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, chunusi ikishaondoka hesabu inakuwa bado. Inaacha doa jeusi linalokaa miezi, na ukiikamua ndiyo kabisa.

Ukienda duka la dawa ukataja chunusi, mara nyingi unapewa benzoili peroksaidi. Nami nilipewa, ya asilimia 5. Chunusi zilipungua, sitaidhulumu. Lakini pembe za mdomo zilichubuka hadi kucheka ikawa kazi, na foronya yangu ya bluu ikapauka mabaka meupe kwa sababu dawa hiyo inatoa rangi ya nguo. Ipo ya asilimia 2.5, ambayo hufanya kazi karibu sawa na zile kali huku ikiunguza kidogo kuliko hizo, ila kwenye maduka ya mtaani kwetu sikuiona. Mfamasia mmoja, kijana mpole, ndiye aliyeniambia, "Dada, ngozi yako haitaki vita. Jaribu salfa."

Salfa yenyewe si ngeni. Ni kiberiti upele, kile walichokuwa wakipakwa wenye upele tangu zamani. Kwenye chunusi inalainisha na kuondoa ngozi iliyokufa inayoziba vinyweleo, inakausha mafuta, na inapunguza bakteria kwa kiasi. Marekani, kanuni za dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari zinaruhusu salfa ya asilimia 3 hadi 10, kwa hiyo ukisoma lebo tafuta namba iliyo humo. Yangu ni ya asilimia 10, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na manjano kidogo, nzito, na ukiisugua kati ya vidole unahisi chembechembe.

Asilimia 10 kulala nayo usiku kucha mashavu yangu yasingeiweza. Ninavyoitumia ni hivi: nanawa kwa sabuni isiyo na harufu, nakausha uso kwa kugusagusa, napaka tabaka jembamba puani, kwenye paji na juu ya chunusi zenyewe, nakaa nayo kama dakika kumi nikipanga nguo za kesho, naiosha kwa maji ya kawaida, kisha napaka losheni nyepesi isiyo na manukato. Mashavuni naweka nukta tu, pale penye kipele. Mara ya kwanza kabisa niliipaka nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili nione kama itaniwasha. Hilo la sikio msiliruke, wenye ngozi nyeti mnajua kwa nini.

Sasa harufu. Inanuka, na anayekuambia hainuki anakuuzia. Si mbaya kiasi cha kutapika, lakini chumba kidogo kisicho na dirisha la maana kinajaa. Mama alipokuja kukaa nami alisimama mlangoni, akanusa, akauliza, "We mwanangu, humu umeficha mayai viza?" Ukiiosha vizuri inaisha usoni, ila mtandio ulioufunga wakati wa kupaka utabaki nayo hadi uufue. Na vueni pete. Nilikuwa na pete ya fedha kidoleni, na baada ya muda upande unaogusa krimu ukawa mweusi kama umechomwa moto. Si uchafu: salfa na fedha vikikutana hutengeneza utando mweusi. Dawa ya meno na kitambaa laini viliurudisha mng'ao, lakini kona za nakshi bado zina weusi.

Kuna swali ambalo Mtanzania yeyote atauliza, na ni swali la maana: je, mwenye mzio wa salfa apake? Watu wengi hapa wanajua hawapatani na salfa kwa sababu ya Septrin au zile SP za malaria. Wengine walivimba, wengine walibabuka mwili mzima, na hayo si mambo ya kuchezea. Salfa ya dawa hizo ni kundi la kemikali la sulfonamidi, tofauti na salfa ya madini iliyo kwenye krimu ya chunusi. Mzio wa moja hauna maana kwamba utapata mzio wa nyingine. Lakini tahadhari, kuna krimu na losheni za chunusi zinazochanganya salfa ya madini na sulfasetamaidi, na hiyo ya pili ni sulfonamidi halisi. Kama wewe ni wa mzio, soma lebo yote, usiishie kwenye neno salfa lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele. Mfamasia akikuambia "zote ni sawa tu", nenda kwa mwingine.

Matokeo yalikuja polepole. Wiki za mwanzo ngozi ya pua ilichunika kidogo na sikuona cha kushangilia. Kilichobadilika kwanza ni vile vichunusi vidogo vyenye kichwa cheupe, vilianza kukauka kabla ya kukomaa. Vile vya puani vyenye kichwa cheusi vilifuata. Madaktari wa ngozi husema dawa ya chunusi uipe hadi wiki 12 kabla ya kuihukumu, na kwangu mimi mwezi wa tatu ndio niliojitazama kwenye kioo cha ofisini, chenye ile taa isiyo na huruma, na sikutafuta poda.

Ila niseme ukweli wa mahesabu: katika kipindi hichohicho nilimwambia msusi wangu asinipake mafuta ya nywele karibu na paji. Mafuta mazito ya nywele, ya nazi yakiwemo, yakishuka usoni huziba vinyweleo na kuleta vipele mstari mzima chini ya nywele. Vya kwangu vya pale viliisha, na sifa hiyo siwezi kuipa salfa peke yake.

Zinki nimeitumia kwa sura tatu. Ya kwanza ni kalamini, ile losheni ya waridi tuliyopakwa utotoni tukiwa na tetekuwanga. Ni zinki oksaidi iliyochanganywa na oksaidi ya chuma kidogo, ambayo ndiyo inayoipa ile rangi. Chupa yake haizidi bei ya chakula cha mchana pale Posta. Itikise sana kwanza, unga hukaa chini na ukimimina bila kutikisa unapata maji tu. Kwa chunusi iliyovimba na kuwasha, nukta ya kalamini usiku inapoza na asubuhi uwekundu umeshuka. Kwa uso mzima siipendekezi. Inakausha, inakuwa unga, na ukitabasamu inapasuka. Mtoto wa jirani alikuja kuomba chumvi akanikuta nayo, akageuka na kukimbia bila chumvi.

Ya pili ni mafuta mazito ya zinki ya vipele vya pampasi. Nimesoma watu wakiyasifia kwa chunusi. Hayakunidhuru, lakini ni mazito kama samli iliyoganda, yanang'ang'ania, na kwenye joto letu nilikuwa najihisi nimefungwa nailoni. Niliyahifadhi kwa kazi moja: pale dawa kali inapochubua pembe za pua au mdomo, yanakinga na kutuliza haraka.

Ya tatu ndiyo muhimu, krimu ya kukinga jua ya madini. Hizi hutumia zinki oksaidi, titani dioksaidi, au zote mbili, na ngozi nyeti kwa kawaida huzivumilia vizuri kuliko zile za kemikali nyingine, ambazo mimi zilikuwa zinaniwasha machoni nikitoka jasho. Kwa nini niiweke kwenye habari za chunusi? Kwa sababu ya madoa. Jua linayafanya madoa ya chunusi yawe meusi zaidi na yakae zaidi. Mimi navuka na pantoni la Kigamboni kila siku ya kazi, na pale juu ya maji jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini.

Tatizo lake mnalijua: weupe. Ya kwanza niliyonunua ilinifanya nionekane nimetoka kupakua unga wa ngano. Nikitoka jasho inajikusanya kwenye nyusi, na ukingo wa mtandio mweusi unabaki na mstari mweupe. Kwenye picha za kitambulisho cha kazi uso una rangi moja na shingo nyingine, na kitambulisho hicho ninacho hadi leo. Watengenezaji wengi bado wanadhani ngozi ni moja. Suluhisho ni zile zenye rangi ya kahawia ndani yake. Rangi hiyo inatokana na oksaidi za chuma, na si urembo tu: oksaidi hizo huzuia pia sehemu ya mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi nao huchochea madoa, wakati zinki pekee isiyo na rangi haiuzuii ipasavyo. Kupata inayolingana na rangi yako ni msako. Yangu ni nyepesi kidogo kuliko mimi, nakubaliana nayo. Bei yake ni ya kuumiza, na inabidi ipakwe ya kutosha, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, kisha kurudia ukikaa juani. Hapa ndipo ninapoipunguzia nyota moja.

Udongo ni ule unaouzwa kwenye maduka ya Wahindi, unakorogwa na maji ya waridi. Pua ilitoka safi kweli. Mashavu yalivutwa hadi nikashindwa kupiga mswaki vizuri, na siku iliyofuata yakawa mekundu na yanawaka. Mwenye ngozi ya mafuta tupu ataupenda, mdogo wangu anaupenda.

Mnaponunua, angalieni sana. Duka moja mjini lilitaka kuniuzia kopo jeupe lisilo na lebo, "salfa ya Thailand, dada, wiki moja tu uso kama yai." Nikauliza kilichomo, muuzaji akasema ni siri ya kampuni. Mwenzangu kazini alipakwa kitu cha namna hiyo. Wiki ya kwanza uso uling'aa, tukamwonea wivu. Alipoacha, vipele vilimrudia uso mzima, vyote vya ukubwa mmoja, na ngozi ikawa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Hospitali walimwambia ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Krimu za mkorogo mara nyingi huwa nayo, au haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, au zebaki, na wauzaji wamejifunza kuziita dawa za chunusi. Tangu 2019 vipodozi Tanzania viko chini ya TBS, shirika la viwango, kwa hiyo bidhaa isiyo na lebo, isiyo na tarehe na isiyo na jina la mtengenezaji iacheni kaunta. Kitu kinachosafisha chunusi zote ndani ya wiki moja kinapaswa kukutia hofu.

Madini haya yalishindwa sehemu moja, nayo ni kidevuni. Kuna zile chunusi za ndani, ngumu, zinazouma ukigusa, zinazonijia kabla ya siku zangu za mwezi. Salfa ilizikausha ngozi ya juu, zenyewe zikabaki chini zimejikunja. Nilikwenda kwa daktari wa ngozi, aliyesomea Moshi pale hospitali ya KCMC, akanieleza kwamba hizo chanzo chake kina mkono wa homoni na kopo la dukani halizifikii. Alinipa adapalini, dawa ya jamii ya vitamini A, ya kupaka kidogo usiku, mara chache kwa wiki, na akanikumbusha niiache na nimwone nikipanga kubeba mimba. Salfa akasema nisiipake usiku wa adapalini, ngozi itaungua. Basi siku zake nimezitenganisha, na mgongoni natumia sabuni ya salfa, maana huko ngozi ni nene na hailalamiki: napaka povu, naliacha dakika chache nikisugua miguu, kisha nasuuza. Kwa vipele vya mgongoni sijapata cha bei hiyo kinachoishinda.