Domino REST API: nimeiunganisha hifadhidata ya mwaka 1999 na lango la wateja

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake: nyota nne kati ya tano. Kama ofisini kwenu bado kuna seva ya Domino, ile inayotunza hifadhidata za Lotus Notes, inayohema chini ya ngazi, na bosi amerudi kutoka semina akitaka "data zile zote" zionekane kwenye tovuti ya wateja, Domino REST API, mlango wa kuruhusu programu nyingine kusoma na kuandika data za Domino, ndicho chombo ambacho ningekishika kwanza. Mwenye dakika kumi akae, kuna mambo yalinichosha na mengi hayakuwa ya chombo.

Mimi ni fundi wa mifumo hapa Dar es Salaam, kazini tangu 2003, na Lotus Notes ndiyo iliyonilea. Wadogo zangu wa ofisini wanaicheka. Hawajui vile vipicha vilivyokuwa vikibadilika kila ukiandika herufi ya nywila, na hawajui kwamba wakati mtandao wa nchi hii ulikuwa wa kubahatisha, ile programu ilikuwa inakaa na nakala yake kwenye kompyuta ya tawi, mtandao ukirudi zinasawazishana zenyewe. Nani mwingine alikuwa na kitu hicho wakati ule?

Historia nitaipita mbio. Ray Ozzie na wenzake walianzisha Iris Associates mwaka 1984, Notes ya kwanza ikatoka 1989. Lotus iliinunua Iris 1994, mwaka uliofuata IBM ikainunua Lotus yenyewe kwa dola bilioni 3.5, na 2019 HCL ya India ikachukua Notes, Domino na ndugu zake kadhaa kwa dola bilioni 1.8. Binti ameolewa mara nyingi, lakini vyombo vyake vya jikoni havijabadilika: faili ya NSF inayobeba hifadhidata nzima, fomu, orodha, nyaraka. Faili uliyoitengeneza 1999 unaifungua leo kwenye seva ya toleo la 14 na inafunguka. Uimara huo huo ndio unaofanya maofisa wasione sababu ya kuhama, mpaka siku wateja wanapotaka kuona madai yao kwenye simu.

Ofisi niliyoifanyia kazi hii ni ya bima, iko Posta, jina lake libaki kwangu. Hifadhidata ni ya madai ya magari. Wazo lilikuwa dogo: mteja aingie kwenye lango, aone dai lake limefika wapi, aongeze maelezo, basi.

Kabla yangu alishapita mkandarasi. Alitumia njia ya zamani, ile ya kuandika ?ReadViewEntries mwisho wa anwani na kuomba JSON, yaani data kwa maandishi ambayo tovuti inayaelewa. Njia hiyo siidharau, inafanya kazi hadi leo na haihitaji kusakinisha chochote. Ila usipoitajia idadi inakupa mistari 30 tu, na safu zisizo na jina la maana zinakuja zikiitwa $3, $7, $12, kwa hiyo mtu wa tovuti anabaki kukisia ipi ni namba ya gari. Kubwa zaidi, inakupa kila kilichomo kwenye orodha. Na kwa dai mojamoja, yule bwana aliifungua fomu yenyewe kwenye kivinjari. Sasa, fomu za Domino zina kisanduku kimoja cha kuweka tiki kinachoamuru fildi zote zitolewe kwenye HTML, hata zilizofichwa. Miaka ya nyuma mtu alikiweka tiki ili skripti yake ifanye kazi, akasahau. Nilibofya kitufe cha kulia, nikatazama chanzo cha ukurasa, na pale katikati nikakuta makadirio ya ndani ya fundi wa bodi, shilingi kwa shilingi, pamoja na maoni ya ofisa: "mteja ataridhika na nusu". Lango lilikuwa bado kwenye majaribio, Mungu ni mwema.

Hapo ndipo Domino REST API iliponipendeza. Inafunguliwa kinyumenyume. Ukishaisakinisha na kuiwasha kwenye seva kwa amri ya load restapi, hakuna kinachoonekana. Hakuna hifadhidata, hakuna fomu, hakuna fildi. Unakaa kwenye ukurasa wake wa usimamizi na kuandika skima: fomu hii ndiyo, ile hapana, kwenye fomu hii fildi hizi sita zisomeke, mbili ziandikike, zilizobaki zisijulikane kama zipo. Fomu moja unaweza kuipa sura zaidi ya moja, ya mteja na ya ofisa wa madai. Kisha skima unaipa jina la nje, na tovuti inalijua jina hilo tu, hata haijui faili iko folda gani. Ombi linakuwa fupi, mfano /api/v1/lists/Madai?dataSource=madai, na safu za orodha unazipa majina ya kibinadamu. Kijana wetu wa tovuti, ambaye hajawahi kuiona Notes maishani, alisoma maelezo ya API kwenye OpenAPI, ule muundo wa kawaida wa kuielezea API, akaanza kuchota data siku ile ile. Mimi mwaka 2006 kazi kama hiyo niliifanya kwa Java na DIIOP, njia ya zamani ya programu ya Java kuzungumza na seva ya Domino, poti 63148, nikalala ofisini siku mbili nikipigana na mtu wa firewall. Safari hii poti ni 8880, na mtu wa firewall nilimpigia simu mapema.

Basi, sasa niseme kilichonichosha.

Siku ya kwanza ya kujaribu na wateja wa kweli, dada mmoja wa mapokezi alijiandikisha kwa gari lake mwenyewe. Lango likamwambia hana dai lolote. Dai analo, bampa limening'inia, sote tumeliona pale chini. Nilifungua kwa akaunti yangu, dai lipo. Kwa akaunti ya lango, halipo. Waliowahi kuishi na Notes wameshacheka: fildi ya Wasomaji. Kwenye hifadhidata hizi ruhusa haziishii kwenye ngazi saba za orodha ya ufikiaji. Kila waraka unaweza kubeba majina ya wanaoruhusiwa kuusoma, na kama jina lako halimo, waraka huo kwako haupo. Hupati ujumbe wa kukataliwa, hupati kosa. Hata ukipewa ngazi ya juu kabisa ya Meneja, kama hutajwi huuoni.

API inaheshimu sheria hiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Tatizo lilikuwa letu: wateja elfu kadhaa hawamo kwenye saraka ya Domino, kwa hiyo lango zima linaingia kwa akaunti moja. Mtu aliyetutangulia alipendekeza akaunti hiyo ipewe kila kitu na tovuti ndiyo ichuje. Nilikataa. Siku mchujo ukikosewa kwa herufi moja, mteja wa Temeke anasoma ajali ya mteja wa Mbezi. Tulichofanya ni kutengeneza wajibu mpya (jina la kundi la ruhusa), [Lango], na ajenti, programu ndogo inayojiendesha ndani ya hifadhidata, inayoupachika kwenye fildi ya Wasomaji ya madai ambayo mwenyewe ameshajisajili na kuthibitishwa. Tovuti inachuja, na chini yake waraka nao unajilinda. Ni kazi ya siku tatu ambayo hakuna aliyeiweka kwenye bajeti.

La pili ni namba za madai. Dai lililoingizwa kwa Notes lilipata namba, lililotoka kwenye lango lilikuja tupu. Nikawasha swichi ya kukokotoa fomu wakati wa kuhifadhi, ikajaza tarehe, ikajaza hali ya dai, namba hola. Nikazunguka fomula zote, sikuona kitu. Mwisho nikasema bora nimtafute aliyeijenga.

Ni mzee mstaafu, yuko Kigamboni, anafuga kuku. Nikavuka na pantoni Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lile dude bado mnalo?"

"Tunalo, mzee, na sasa tunataka lionekane kwenye simu za wateja."

Akacheka mpaka akashika ubao wa banda. Nikamweleza habari ya namba. Hakuomba hata kompyuta. "Iko kwenye QuerySave," akasema. "Niliiweka pale kwa sababu matawi yalikuwa yanagongana namba."

Na hapo ndipo penyewe. Skripti ya QuerySave inaamka pale tu binadamu anapobonyeza kuhifadhi ndani ya Notes. Waraka ukiingia kwa mlango mwingine wowote, iwe API hii au nyingine, skripti hiyo haina habari. Swichi ya kukokotoa inaendesha fomula za fildi, haiendeshi matukio ya skrini. Tuliihamishia kwenye ajenti inayokimbia baada ya waraka mpya kuingia. Mzee alinipa trei ya mayai, na sharti moja: nisibadilishe herufi mbili za mwanzo za namba, kwa sababu zinataja tawi.

La tatu nalitaja kwa sababu litawakuta wote mlio ukanda wetu wa saa. Tarehe za ajali zilirudi nyuma siku moja. Mteja kachagua tarehe 12, kwenye Notes inasoma 11. Kosa lilikuwa la tovuti yetu: JavaScript ilichukua saa sita usiku ya Dar, ikaigeuza kuwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, ikaangukia jana yake. Ajali ya siku moja kabla ya bima kuanza ni ajali isiyolipwa, kwa hiyo msione ni jambo dogo. Notes inajua kuhifadhi tarehe tupu bila saa. Itumieni hivyo hivyo, mtume tarehe peke yake.

Halafu fildi ya Kiasi. Notes haimlazimishi mtu kwamba namba iwe namba. Nyaraka za kabla ya 2008 zimeandikwa "1,500,000/=" kwa maandishi, na moja imeandikwa "kama milioni mbili hivi". Hiyo ya mwisho tuliiacha ilivyo, tukaichapisha na kuibandika ukutani.

Nani ainunue? Mwenye leseni ya Domino iliyo hai hainunui, anaipakua. Kama leseni yenu ilikufa miaka mingi na seva inaendeshwa kwa dua, pigeni hesabu ya kuihuisha kwanza, na someni vizuri kipengele cha watumiaji wa nje, maana wateja wa lango si wafanyakazi. Kama mnataka kuonyesha orodha moja isiyo na siri kwenye ukurasa wa ndani wa ofisi, ReadViewEntries inatosha, msijisumbue. Na kama hakuna mtu hata mmoja ofisini anayejua Notes, ile nyota niliyoibana iongezeni ya pili, kwa sababu ukurasa wa usimamizi utawauliza mambo ya skima, orodha na fomula kana kwamba mlizijenga nyinyi.

Sisi sasa tumefungua fomu mbili kati ya kumi na nne. Ya tatu ni ya mawakala, ina skripti ndefu kuliko zote. Nimeshampigia mzee, amesema Jumamosi yupo, nije na chakula cha kuku.