Fundi wa AC aliyekataa kufunga kompresa siku ileile

Gari ni Toyota IST. Mwezi wa pili, joto la Dar, foleni ya saa tisa alasiri, watoto wawili nyuma, na AC inapuliza hewa ya moto. Gereji ya kwanza walinijazia gesi mara mbili, 50,000 kila mara, na mara zote ubaridi ukaisha kabla ya mwezi. Hakuna aliyehangaika kutafuta inakovujia. Hilo linaniuma hadi leo, maana gesi ya AC haiungui kama petroli. Ikipungua, imetoka mahali.

Jirani akanielekeza kwa fundi wa Ilala anayefanya AC tu. Alifunga geji zake za presha, ya bluu na nyekundu, akawasha injini. Klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) ikashika, ta!, lakini mishale yote miwili ikabaki karibu sawa. Kompresa nzima hushusha wa bluu na kupandisha mwekundu. Yangu ilizunguka bila kusukuma kitu. Nikamwambia basi tutafute used, tufunge jioni hiyohiyo.

"Dada, tukifunga leo utarudi na hiyo nayo imekufa."

Akainyonya gesi iliyobaki kwa mashine hadi mtungini (wengi huiachia hewani tu), akafungua kompresa na kumimina oili yake kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa nyeusi. Nilipokigeuza juani, ikameta vumbi kama la fedha: chuma cha kompresa yenyewe, iliyokuwa ikijisaga. Na chenga hizo zilishatembea kwenye mabomba.

Kwa hiyo siku ya pili nzima ilikuwa maandalizi. Mabomba yaliflashiwa, yaani yalisukumiwa dawa ya kusafishia, mpaka yakatoa maji ya dawa meupe. Kondensa (rejeta ya AC, ya mbele) haikusafishwa, ilibadilishwa, kwa sababu vijitundu vyake ni vyembamba mno na uchafu haumaliziki. Kwa gari langu, kondensa mpya inakuja na draya yake (kichujio cha unyevu) ubavuni. Valvu ya ekspansheni (inayoshusha presha ya gesi) mpya, oringi (mipira ya kuziba maungio) zote mpya. Oili ya kompresa ni aina ya PAG 46, na aliipima kwenye kikombe, hakukisia.

Baada ya kufunga kompresa used alivuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote, dakika 45, akafunga koki, tukasubiri nusu saa tukiutazama mshale. Haukusogea. Ndipo akajaza gesi ya R-134a juu ya mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti.

Jumla laki sita na ushee. Ni hela, na kibandani kwake hakuna hata benchi la kusubiria. Dhamana ya kompresa used ni mwezi mmoja tu, ningependa mitatu. Lakini huu ni mwezi wa tano tangu afunge na watoto wanaomba nipunguze baridi.

Wenye haibridi, mkumbusheni fundi kuhusu oili kabla hajafungua kopo. Kwa haibridi nyingi kompresa ni ya umeme, inataka oili ya esta isiyopitisha umeme, na PAG kidogo tu inaweza kuiharibu.