Matema au Ikombe?
Watu wa Mbeya mkishuka Kyela wikiendi mnaishia ufukwe wa Matema tu, na sawa, pale gari linafika karibu kabisa na mchanga, gesti zipo, wali na samaki unapata bila shida, kwa familia yenye watoto wadogo mi nasema bakini hapo. Ila kijiji cha Ikombe jamani! Kutoka Matema unapanda mtumbwi au unatembea kwa mguu ukingoni mwa Ziwa Nyasa, Milima ya Livingstone imekusimamia juu ya kichwa, kafukwe kadogo, maji safi mpaka unaona samaki wa rangi rangi kwenye mawe, halafu kina mama wa kabila la Wakisi wanafinyanga vyungu hapo hapo kwa mikono. Vaeni raba, njia ina mawe. Mi moyo wangu uko Ikombe, na chungu nilichonunua bado kinapika maharage nyumbani.