Kupima VVU Moroko: kituo cha ALCS au kituo cha afya cha serikali?

Kwa asiye na ndoa, kupima VVU nchini Moroko kunagusa hofu ya sheria pia. Kifungu cha 490 cha sheria ya adhabu kinatoa kifungo cha mwezi 1 hadi mwaka 1 kwa ngono nje ya ndoa. Cha 489, miezi 6 hadi miaka 3 kwa ngono ya jinsia moja. Kupima kwenyewe si kosa, ila mwenye hofu hatofautishi.

Kituo cha serikali kiko karibu na wengi, na kipimo cha haraka ni bure. Tatizo ni mapokezi. Mtaani watu wanajuana, na msichana akiulizwa mbele ya foleni kama ameolewa, huenda akageuza njia. Swali hilo halibadilishi chochote katika kipimo!

ALCS, shirika la kupambana na UKIMWI lililoanzishwa mwaka 1988 na Profesa Hakima Himmich, hupima bure bila kuuliza jina. Tone la damu kidoleni, dakika kama 20, kisha majibu na ushauri wa mtu asiyekuhukumu. Lakini vituo vyake viko mijini. Anayeishi milima ya Atlas anahitaji nauli, na sababu ya kuwaeleza wa nyumbani.

Kwa kipimo cha kwanza, ningemshauri mtu aende ALCS akiweza. Majibu yakionyesha maambukizi, lazima yathibitishwe maabara, na dawa za kufubaza virusi hutolewa bure hospitali za serikali. Aliyejiweka hatarini wiki iliyopita arudie kupima baada ya miezi 3, popote alipoanzia.