Uzoefu wangu: paneli mpya za milango kwenye Hilux ya 1994

Hilux yangu ni dabo kebini ya mwaka 1994, injini ya dizeli ya aina ya 3L, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Injini haina neno. Kilichonikera ni paneli za milango: hadibodi, yaani ule ubao mwembamba wa paneli, imeumuka kwa chini kama mkate uliolowa, leza (ngozi bandia) inayoifunika imebanduka, klipu zimekosa pa kushika.

Chanzo chake ni gereji moja niliyoenda kubadilisha mashine ya kupandisha kioo miaka miwili nyuma. Walichana nailoni iliyobandikwa kwenye bati nyuma ya paneli, wakaitupa, wakarudishia paneli juu ya bati tupu. Wakati huo sikujua kazi ya ile nailoni. Maji ya mvua huteremka na kioo mpaka ndani ya mlango, hata mpira ukiwa mpya, kisha hutokea kwenye matundu ya ukingo wa chini. Nailoni ndiyo inayoikinga hadibodi yasiifikie. Ikitoka, paneli inakunywa maji masika yote.

Nilizunguka kwanza Shauri Moyo, Dar es Salaam, kutafuta paneli za mtumba. Nilizoziona zilikuwa zimeumuka kama zangu, kwa hiyo nikaelekezwa kwa fundi siti mmoja hapo hapo Ilala. Nilimwambia nataka leza mpya, basi. Akachungulia nyuma ya paneli, akasema: "Kaka, nikikuvalishia leza tu, masika yakija utanirudia." Angeweza kuchukua hela yangu akanyamaza. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kutoa mkono wa kioo hakuchokonoa kwa bisibisi, kama walivyofanya wale wa kwanza wakanivunjia mmoja. Alipitisha kitambaa nyuma ya mkono, akakivuta huku na huku kama anang'arisha kiatu, kile kiklipu cha waya kikachomoka. Kiganja chake kilikuwa tayari kukidaka. Kisha akalaza hadibodi ya zamani juu ya plaiwudi ya milimita 3, akachora, akakata, akapaka vanishi pande zote mbili pamoja na kingo na matundu ya klipu. Kabla ya kufunga chochote alizibua matundu ya chini ya mlango kwa waya. Likamwagika tope lenye majani yaliyooza, na mimi nilikuwa naosha gari hilo kila Jumamosi! Nailoni mpya nzito aliibandika kwa ule utepe mweusi unaonata kama lami.

Kazi ilichukua siku mbili. Milango minne, vifaa vyote na klipu mpya, nililipa shilingi 220,000. Leza imekaa vizuri isipokuwa mlango wa nyuma kushoto, kuna mkunjo karibu na pa kuegemeza mkono. Rangi pia imezidi weusi kidogo ukilinganisha na dashibodi. Ningepeleka kipande cha leza ya zamani dukani mwenyewe. Harufu ya gundi ilikaa wiki nzima. Klipu moja ilikuwa inagonga kwenye barabara mbovu, nikamrudia, akaiwekea kipande cha mpira bila kunidai.

Juzi mvua imenyesha usiku kucha, gari likiwa nje. Asubuhi nilipitisha kiganja chini ya kila paneli: pakavu. Chini ya milango maji yalikuwa bado yanadondoka, tone moja moja, kutoka kwenye yale matundu.